Nambari za Sihaba

Jumatatu, 6 Machi 2006

Leo Mwalimu Mkuu, Bi Mwanaharusi, amenikabidhi ufunguo wa stoo. Ndani ya stoo kuna majembe ya shule, magunia ya mahindi ya chakula cha mchana, na kompyuta moja ya mtumba iliyoletwa mwaka juzi na wafadhili waliopiga nayo picha wakaenda zao. Amesema, "Mwalimu Mshamu, wewe ndiye mtu mzima hapa, kwako vitu havitapotea." Yaani nimefanywa mlinzi. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na minane, hapa Kibiti peke yake miaka kumi na tisa, na sasa nalinda majembe.

Mvua bado. Jua la mwaka jana halijatutoka mwilini.

Jumatano, 8 Machi

Nimeona kitu leo na sijui nikiandikeje.

Ismaily, mwalimu mpya aliyetoka Dar, kijana wa suruali pana na maneno mengi, alinifuata stoo wakati jenereta la maabara limewashwa. "Mzee wangu, kaa hapo nikuoneshe kitu." Akachomeka waya kutoka kwenye simu yake hadi kwenye kompyuta, simu akaiweka kwenye dirisha la kaskazini, mahali pekee mtandao unapofika. Akabonyeza. Tukasubiri kama dakika moja hivi. Kisha akachomoa waya.

Nikasema, "Imekwisha? Hata hatujafungua kitu."

Akacheka. "Vimeshaingia, mzee. Angalia."

Upande wa kushoto kulikuwa na orodha ya majina. Shule moja ya Kilombero. Mwalimu mmoja wa Bukoba anayeandika juu ya magonjwa ya migomba. Watu wa hali ya hewa. Kila jina lenye jambo jipya lilikuwa limekolea wino, na pembeni yake nambari: matatu mapya, saba mapya. Nikabonyeza jina la Kilombero. Wanafunzi wa huko wameandika jana jioni kwamba mvua imeanza kwao, na vyura wamewakosesha usingizi. Jana jioni! Mimi jana jioni nilikuwa nakula ugali na kisamvu hapa Kibiti, sina habari na vyura wa mtu.

Ismaily akanieleza. Hatuendi kuvitafuta, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Ukiona kile kialama cha rangi ya chungwa kwenye ukurasa wa mtu, unajiandikisha mara moja, basi. Tangu siku hiyo akiandika neno, ukiunganisha simu, neno lenyewe linakuja. Yeye anaita fidi. Mimi nimeamua tuite mlisho.

Nimeng'ang'ania maktaba ya mkoa ituletee gazeti la wizara tangu mwaka themanini na tisa. Halijafika. Leo dunia imekuja kwa dakika moja, kupitia dirisha lenye wavu wa mbu uliochanika. Nimerudi nyumbani mdomo wazi. Mke wangu Mwanabibi ameniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 10 Machi

Mvua ya kwanza. Matone makubwa, kisha kimya.

Jumatatu, 13 Machi

Kidato cha Pili wameingia stoo kwa zamu, wanane wanane, wamekaa juu ya magunia. Kila kundi limechagua ukurasa wake wa kufuata na litatoa habari darasani kila asubuhi. Sisi pia tuna ukurasa wetu, Ismaily ameufungua, unaitwa Bonde Letu. Tunaandika mvua tuliyopima kwenye kopo, na wenzetu wa mbali wanatuachia maoni chini yake.

Lililonisisimua zaidi ni Nyandonge. Hiki ni kijiji cha juu ya mto, huko karibu na mbuga, na mwalimu wao, Swalehe, nilisoma naye chuo. Kambi ya watalii jirani yao ina mtandao wa dishi la setilaiti, na wanamruhusu kuutumia kila alasiri. Nilimwomba wiki iliyopita: watupimie maji ya mto kila siku, watuandikie. Maji yanayopita kwao yanafika bondeni kwetu baada ya siku mbili au tatu. Kwa maisha yangu yote bonde la Rufiji limekuwa likijua mafuriko kwa kuyaona mlangoni. Nikafikiri, kumbe tunaweza kuyajua siku mbili kabla!

Leo asubuhi jina la Nyandonge lilikuwa limekolea wino. Ndani mstari mmoja, umeandikwa na mwanafunzi wa darasa la saba aitwaye Sihaba: "Maji leo: 31."

Darasa zima walipiga makofi. Mimi nilijifanya nina mafua.

Jumanne, 14 Machi

Maji leo: 31.

Jumamosi, 18 Machi

Mwanabibi ameteremka bondeni leo, kama kila masika. Shamba letu liko ng'ambo ya daraja la Ndundu, upande wa kushuka, na atakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholindia mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, hadi mavuno. Wanawake wa madungu tisa wako jirani pale, pamoja na bibi yake Mwanajuma, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili ambaye haongei ila ukimuuliza. Simu hazishiki kule. Habari zinakwenda na kurudi na Husseini, mwenye mtumbwi.

Kabla ya kuondoka nilimweleza Mwanabibi habari za Sihaba. Akafunga mzigo wake, akasema, "Haya, Baba Saadi. Mtoto akuambie maji, uniambie mimi. Mwaka huu nitalala usingizi." Alikuwa ananitania, lakini alimaanisha.

Jumatano, 22 Machi

Maji leo: 27. Yameshuka manne. Nimeagiza karatasi kubwa, na Mwanajuma anachora mstari. Ana mkono mzuri, hatumii hata rula.

Jumatatu, 27 Machi

22. Mstari wa Mwanajuma unateremka. Nimeubandika ukutani, na walimu wengine wanakuja kuutazama. Bi Mwanaharusi amesimama mbele yake dakika nzima, akasema, "Mshamu, kumbe jiografia ni kitu kizuri." Nimefurahi kuliko nilivyotaka kuonesha.

Kundi la Kilombero lilileta habari isiyokaa vizuri: kwao mvua haikomi, leo siku ya tano, barabara imekatika. Kijana mmoja akauliza, mbona huko inanyesha, na mto wao unaingia kwenye wetu, halafu Nyandonge maji yanashuka? Nikawafundisha. Ardhi ilikauka mwaka mzima, nikasema, inakunywa kwanza. Mabwawa yanajaa kwanza. Mto unachelewa. Niliwachorea na mishale. Wakaandika wote. Mwanajuma aliinua mkono nusu, kisha akaushusha. Muda ulikuwa umekwisha, nikapita.

Alhamisi, 30 Machi

18. Mvua hapa kutwa nzima. Kopo limejaa mara mbili.

Ijumaa, 31 Machi

Kambi ya watalii imefunga, barabara haipitiki. Nilidhani basi, mlisho umekauka. Lakini Swalehe ameandika kwamba mlinzi wa kambi ni mjomba wake, na chombo cha mtandao hakijaondolewa. Nambari ya Sihaba: 15.

Huyu mtoto sijamwona. Sijui mrefu au mfupi. Kila siku ya Mungu anakwenda mtoni, na kila siku ya Mungu namsoma. Nimemuweka kwenye dua zangu baada ya sala, kati ya wanangu na marehemu mama.

Jumapili, 2 Aprili

Husseini amenifuata nyumbani, miguu yote matope. Amesema mto umebadilika rangi, umekuwa wa chai ya maziwa, na mkondo mdogo nyuma ya madungu umeanza kuingia mpungani. Wanawake wanauliza: waondoke au wabaki? Wakiondoka, ndege na nguruwe watamaliza mpunga, na mwaka jana hatukuvuna hata debe. Mwanabibi amemwambia hivi: "Muulize Baba Saadi, yule mtoto anasemaje?"

Nilikaa mezani nikaandika barua. Nimeikumbuka yote, kwa hiyo naiweka hapa: "Mama Saadi, salaam. Nambari za Nyandonge zinashuka kila siku, kutoka thelathini na moja hadi kumi na moja. Hayo mnayoyaona ni ya mvua ya hapa hapa, yatapita. Bakini. Wasomee na wenzako." Chini yake nikachora mstari wenyewe, mdogo, unateremka.

Husseini aliikunja akaiweka ndani ya kofia. "Mwalimu, mimi mto naujua kwa kasia. Leo kasia zito." Nikamwambia ajifunze kusoma mstari. Nililisema kwa kiburi, tena nikiwa nimesimama kizingitini kwangu, miguu mikavu.

Jumatatu, 3 Aprili

9.

Jumanne, 4 Aprili

Mtandao umegoma. Ismaily amepanda juu ya meza na simu, hakuna kitu.

Alhamisi, 6 Aprili

Haya ni ya jana. Jana sikupata nafasi ya kuandika.

Asubuhi mtandao ulirudi. Nyandonge ilikuwa na mambo mapya mawili. La kwanza, la Jumatatu alasiri: "Maji leo: 7." La pili liliandikwa juzi Jumanne, na safari hii Sihaba aliongeza maneno: "Maji leo: 4 tu. Nimejaza ndoo tatu kabla ya kengele na sikuchoka hata kidogo."

Nikasema, "Mnaona? Manne tu. Mto umelala." Nikamwita Mwanajuma aje aweke nukta.

Hakuja. Alikuwa amesimama katikati ya magunia, ameshika penseli, anaitazama ile sentensi. Nikamwita tena. Akasema, taratibu sana, "Mwalimu. Huyu anateka maji."

"Ndiyo. Kwa hiyo?"

"Mimi pia nateka maji. Kisimani kwetu tunahesabu hatua." Akanyoosha penseli kwenye ile nambari. "Maji yakiwa mbali, hatua nyingi. Yakiwa karibu, hatua chache, ndoo haichoshi. Yeye anahesabu hatua za kushuka mtoni, Mwalimu. Amebakiza nne."

Nilitazama ukutani, ule mstari ukiteremka vizuri kabisa, na ukapinduka mbele ya macho yangu bila kuguswa. Mimi nilidhani wamechomeka mti wenye alama, kama vitabu vinavyoagiza. Sikuwaandikia wapime vipi. Niliandika "mtupimie" nikaona inatosha, kwa sababu katika maisha yangu yote ya kunywa maji sijawahi hata siku moja kwenda kuyateka. Kwetu mwanamume hateki. Mama aliteka, dada zangu waliteka, Mwanabibi ameteka miaka ishirini na tisa. Mtoto wa darasa la saba alipoambiwa pima maji, alipima kama wanawake wote wa mto huu wanavyopima. Na Mwanajuma aliinua mkono wiki iliyopita, nikapita.

Ismaily akasema, "Hilo ni la jana. Siku moja imeshapotea."

Bi Mwanaharusi hakuuliza maswali. Alisimamisha lori la saruji lililokuwa linakwenda Ikwiriri, akamwamuru dereva kama mwanafunzi wake atufikishe hadi Ndundu. Mwanajuma akapanda nyuma bila ruhusa. Nikamwambia ashuke. "Bibi yangu hatamsikiliza mtu mwingine," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. Tukaenda.

Pale Ndundu niliuona mto kutoka darajani. Nimevuka pale mara ngapi? Jana sikuutambua. Ulikuwa mpana, mnene, hauna haraka, umebeba miti mizima na mizizi yake kama mtu abebavyo mkeka kwapani. Haukupiga kelele yoyote. Subhanallah, nilisema, tena na tena, na sikujua kama nimeogopa au nimestaajabu. Nadhani yote mawili.

Husseini alitukuta ukingoni. Sikumwambia kitu ila "Nilikosea." Hakuchukua hata nafasi ya kunicheka. Alisukuma mtumbwi, akaita wenzake wawili na mitumbwi yao.

Madungu yalikuwa yamesimama ndani ya maji. Ngazi ya dungu letu ina vipandio saba, vitatu vilikuwa vimezama. Mwanabibi alikuwa juu, anapika, moshi unapita kwenye nyasi za paa kama kawaida. Aliponiona akasimama na mwiko mkononi. "Baba Saadi! Wewe huku? Nani amekufa?"

"Shuka. Shukeni wote. Maji yanakuja."

"Si uliandika tubaki?" Akachomoa karatasi kutoka kwenye nyasi za paa, ilikochomekwa isilowe. Barua yangu. "Nimewasomea madungu yote, mara mbili mbili. Bi Mwanawetu alitaka kuondoka Jumapili hiyo hiyo, nikamzuia mimi. Nikamwambia mume wangu ana mashine."

Bi Mwanawetu ndiye bibi yake Mwanajuma. Niliinua uso nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Nilisoma nambari juu chini. Mtoto alisema kweli, mimi ndiye nimekosea. Shukeni."

Mwanabibi akamwaga chungu majini, akatupa mwiko ndani ya mtumbwi, akaanza kupokeza watoto.

Tulifanya safari tano. Wanawake kumi na watatu, watoto tisa, kuku, mbegu. Bi Mwanawetu alikataa kushuka, alisema ameona mafuriko mengi na hayajawahi kumla. Mwanajuma akapanda ngazi mwenyewe, nguo zimemganda mwilini, akamweleza kwa Kindengereko. Sikusikia yote. Niliona anaonesha hatua kwa vidole, nne, kisha tatu, kisha ngumi. Bibi akachukua kanga yake akashuka.

Hakuna aliyepotea. Naandika tena ili niamini. Hakuna aliyepotea.

Ijumaa, 7 Aprili

Sihaba: "Maji leo: 0. Leo hatukuteremka. Yamekuja wenyewe hadi kwenye mkorosho."

Jumapili, 9 Aprili

Nimekwenda darajani na Mwanabibi. Dungu letu halionekani. Lile la Bi Mwanawetu limebaki ncha ya paa, na ndege mweupe amesimama juu yake. Watu wengi wamesimama kimya pembeni yetu, kama msikitini kabla ya hotuba.

Nimemwomba radhi. Amesema, "Mimi nimekusamehe. Waombe na wale kumi na wawili." Nimekwenda nyumba kwa nyumba, Umwe hadi Bungu. Wengine wamenipa uji. Mmoja amefunga mlango, na ana haki.

Jumanne, 11 Aprili

Maulidi. Shule imefungwa. Bi Mwanawetu amenitumia sahani ya pilau na ujumbe: nisijaribu tena kumwandikia barua.

Alhamisi, 20 Aprili

Darasani. Nilibandua ule mstari, nikaubandika tena kichwa chini miguu juu, ambavyo ulipaswa kuwa tangu mwanzo. Nikawaambia Kidato cha Pili yote, tangu barua hadi kasia la Husseini. Nikawaambia mlisho haukukosea hata herufi moja. Kilombero walisema, Nyandonge walisema, mwenzenu hapa aliinua mkono. Mimi niliyepewa ufunguo ndiye sikusikia.

Mwanajuma ndiye sasa mkuu wa ukurasa wetu. Jambo la kwanza aliloandika: "Kila mtu aseme anapima vipi na anaanzia wapi." Kilombero wamejibu. Bukoba wamejibu. Sihaba amejibu: "Naanzia kwenye jiwe la kufulia la bibi yangu, nashuka hadi nilowe vidole." Nimesoma sentensi hiyo mara nne. Mto mzima wa Rufiji, na mwanzo wa kipimo chake ni jiwe la kufulia la bibi wa mtu.

Jumatano, 3 Mei

Maji leo: 9, kuanzia jiweni. Yanashuka. Yanashuka kweli.

Jumamosi, 13 Mei

Mpunga wa chini umeoza wote. Wa juu, kuelekea njia ya Umwe, umesimama. Mwanabibi anasema tutakula hadi Desemba tukijibana.

Jumatatu, 22 Mei

Leo asubuhi, kabla ya shule, nilichukua ndoo. Mwanabibi alikuwa anafagia uwanja. Akaacha kufagia. "Unakwenda wapi na ndoo yangu?"

"Kuteka."

Hakucheka, namshukuru. Majirani ndio waliocheka. Nilikwenda nikihesabu, kutoka kizingitini hadi kisimani: hatua mia mbili na kumi na mbili. Miaka kumi na tisa niko ndani ya nyumba hiyo, na nambari hiyo sikuwa naijua. Wakati wa kurudi nilipumzika mara tatu, na maji nusu yaliishia kwenye shati.

Saa nne jenereta likawashwa. Nikaandika mwenyewe kwenye Bonde Letu, kwa kidole kimoja, Ismaily akinisubiri bila kuguna: "Maji ya nyumbani kwa Mwalimu Mshamu leo: 212. Naanzia kizingitini."

Jumanne, 23 Mei

Ismaily ameweka simu dirishani. Dakika moja. Chini ya maneno yangu kulikuwa na maoni mapya, ya Sihaba wa Nyandonge:

"Shikamoo Mwalimu. Hizo ni za kwenda. Za kurudi umehesabu?"

Nimemwomba Mwanabibi ndoo tena. Ameniuliza kubwa au ya mtoto. Nimechukua kubwa.